Jina langu limebandikwa ukutani, nasainishwa kuwa nimeacha kazi mwenyewe

Ndugu washauri,

Salaam kutoka Igoma. Nina miaka 38, mke na watoto watatu, wawili wako shule ya msingi. Nimefanya kazi miaka minane na miezi minne katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kwenye meza ya kukata. Mshahara wa msingi ni 390,000 kwa mwezi na kila slipu inaonyesha makato ya NSSF.

Tarehe 3 mwezi huu tulikusanywa getini tukaambiwa samaki wamepungua ziwani, oda za nje zimeshuka, zamu ya usiku inafungwa, na majina yaliyobandikwa ukutani ndiyo ya wanaopumzishwa. Langu lilikuwemo. Barua sijapewa. Nimeambiwa nirudi Jumatatu nisaini karatasi nichukue 500,000 taslimu. Mwenzangu aliyekwisha kusaini anasema imeandikwa "nimeacha kazi kwa hiari yangu na sina madai yoyote".

Mke wangu hajui. Natoka alfajiri kama kawaida, nakaa Buzuruga mpaka saa tisa, narudi. Yeye ana genge la mboga, siku nzuri linampa faida ya 6,000. Alikopa 200,000 kwa mtu wa kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi, na kila mwezi analipa riba tu, 40,000.

Kuna bosi ana pikipiki ya mkataba: nilete 10,000 kila siku kwa miezi 14 ndipo iwe yangu. Dukani pikipiki hiyo ni 2,900,000. Wengine wananiambia nichukue hiyo laki tano niingie kwenye dagaa. Mama yangu anasema nirudishe familia Ukerewe. Kodi yetu ni 60,000 kwa mwezi, chakula 8,000 kwa siku, umeme, maji na mahitaji ya shule kama 45,000 kwa mwezi. Nifanye lipi?

Mkata minofu, Igoma


Kaka,

Tunaanza na Jumatatu, maana hapo ndipo unapoweza kupoteza kingi kwa dakika mbili. Usisaini karatasi inayosema umeacha kazi kwa hiari. Hukuacha. Umeondolewa, na sheria inatofautisha sana watu hao wawili. Anayeacha mwenyewe hana kiinua mgongo, hana fao la kukosa ajira NSSF, na akienda kulalamika atasomewa sahihi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kibiashara atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze sababu, kisha akae na wafanyakazi au chama chao kujadili namna ya kuepuka kupunguza, vigezo vya kuchagua nani aondoke, lini, na kwa malipo gani. Huenda ni kweli samaki wamepungua. Kiwanda kina haki ya kupunguza watu ikiwa hali ni hiyo, lakini majina kubandikwa ukutani siku ya kuondoka hayawezi kuitwa majadiliano.

Sasa hesabu yako. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku: 390,000 kwa 26 ni 15,000. Kiinua mgongo si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10. Miaka yako minane ni siku 56, yaani 840,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na kwa kuwa hukupewa, ilipwe. Viwanda vingi hulipa mshahara wa mwezi mmoja, 390,000. Likizo ya sehemu ya mwaka huu huhesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi, na miezi minne inakupa kama siku 8, 120,000. Jumla 1,350,000. Ongeza siku ulizofanya kazi mwezi huu kabla ya kusimamishwa na saa za ziada kama zipo. Kwa hiyo laki tano unayonyooshewa haifiki hata nusu.

Nenda Jumatatu ukiwa na mwenzako mmoja. Omba vitu vitatu kwa maneno haya haya: barua ya kuachishwa kazi inayotaja sababu, mchanganuo wa malipo, na hati ya utumishi. Wakikupa fedha, kupokea si kosa. Ila soma unachosaini, na kando ya sahihi yako andika kwa kalamu: "Nimepokea 500,000 kama sehemu ya malipo. Sikuacha kazi kwa hiari." Piga picha karatasi nzima, kurasa zote. Wakikataa usiandike hivyo, ondoka bila kusaini. Fedha hiyo ni ndogo kuliko unachodai. Na yule mwenzako aliyekwisha kusaini asikate tamaa. Kama alisainishwa kwa shinikizo anaweza kupinga, ila mzigo wa kuthibitisha utakuwa wake, na siku zake zinahesabika kama zako.

Siku zenyewe ni 30. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Usivuke mwisho wa mwezi huu. Jaza fomu namba 1 ya Tume, taja tarehe ya kuachishwa na unachodai kwa tarakimu, nakala ipelekwe kwanza kwa mwajiri apokee kwa sahihi au muhuri, kisha peleka Tume pamoja na uthibitisho wa kupokelewa. Kufungua shauri ni bure na huhitaji wakili. Mkiwa wengi mnaweza kwenda pamoja, fomu moja yenye orodha ya majina na sahihi za wote. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa mezani na mwajiri mbele ya msuluhishi, na madai kama haya mara nyingi huweza kumalizika hapo hapo mwajiri akiona hesabu imeandikwa sawasawa.

Kinachowaangusha watu ni "njoo wiki ijayo". Ofisi ya utumishi inakuahidi, unaamini, wiki ya tano inafika na muda umekwisha. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na sababu nzito, na kusubiri ahadi ya mwajiri hakuhesabiwi sababu nzito. Endelea kuzungumza nao, lakini fomu iwe imeshapokelewa.

Kwa kuwa huna barua, kusanya ushahidi leo: mkataba, slipu, kitambulisho cha kazi, miamala ya mshahara benki au kwenye simu, picha ya orodha ya ukutani kama kuna aliyeipiga, ujumbe wa kundi la zamu. Kama ulikuwa ukikatwa ada ya chama cha wafanyakazi, kiongozi wa tawi ana wajibu wa kwenda nawe.

Vibarua wa malipo ya siku mnaosoma hapa, na ninyi mna haki: notisi yenu ni siku 4, na aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi anastahili kiinua mgongo hata kama analipwa kila jioni. Tatizo lenu ni kuthibitisha huo mfululizo, kwa hiyo tunzeni kadi za mahudhurio.

NSSF nenda wiki hii hii, kabla ya kudai chochote, ukachukue taarifa ya michango. Slipu inaonyesha ulichokatwa. Taarifa inaonyesha kilichofika, na viwili hivi havilingani siku zote. Miezi yako ni 100. Kwa mshahara wa sasa, mfuko ulipaswa kupokea 78,000 kila mwezi, nusu yako na nusu ya mwajiri. Ukikuta miezi mitupu, peleka slipu za miezi hiyo kwa ofisa wa mfuko; wao ndio wenye meno ya kumbana mwajiri. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 hakuna tena kujitoa na kubeba michango yote. Kuna fao la kukosa ajira, la yule ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Kiasi na namna ya kulipwa hutegemea miezi uliyochangia na kundi la ajira yako, mwenye taaluma au asiye nayo, kwa hiyo usipange bajeti kwa hesabu ya jirani. Mwombe ofisa akuandikie yako. Michango 100 haipotei. Pensheni inahitaji 180, na unaweza kuendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri mambo yakitulia.

Sasa nyumbani. Mwambie mkeo usiku wa leo. Zamu nzima imefungwa, habari itafika gengeni kwake kabla yako, na kuisikia kwa mteja kutamuumiza kuliko kazi yenyewe kupotea. Zaidi ya hapo, kwa sasa yeye ndiye mwenye kipato cha uhakika katika nyumba yenu. Ukimficha unamnyima nafasi ya kulinda mtaji wa genge, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumwomba: fedha ya genge ikae mkoba wake, isinunue sukari ya nyumbani hata siku moja. Asiongeze kukopesha. Wateja wake wa Igoma baadhi wamo kwenye orodha ile ile ya ukutani, hivyo mafungu yawe madogo, ya bei ambayo mtu anaweza kulipa papo hapo.

Kaeni na kalamu. Matumizi yenu ni 240,000 za chakula, 60,000 za kodi na 45,000 za mengine, jumla 345,000. Genge likimpa 6,000 kwa siku 26 ni 156,000, na huo ni mwezi mzuri. Pengo ni kama 190,000. Mkishusha chakula hadi 6,500 kwa siku, pengo linakuwa 144,000. Inawezekana: dagaa na maharage mara nyingi zaidi, mahindi mkoboe na kusaga wenyewe kutoka kwenye gunia badala ya kununua unga kilo kilo, mboga zilizobaki jioni ziliwe nyumbani. Mwone mwenye nyumba kabla kodi haijaisha, si baada, umwombe ulipe mwezi mwezi badala ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba naye anajua vyumba vitakaa wazi mtaani mwenu mwaka huu.

Deni la kausha damu liondoke kwa shilingi ya kwanza mtakayopata: 200,000 na riba ya mwezi, 240,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana. Kwa mkopo wenu hiyo ni 7,000, na mnalipa 40,000. Muulizeni leseni yake, mwambieni mnalipa deni lote, mdai karatasi ya kufunga deni na dhamana yenu irudi siku hiyo hiyo. Hakuna biashara ya laki mbili Mwanza leo itakayokupa 40,000 kila mwezi kwa uhakika kama kuua riba hiyo. Na msikope kwingine kulipa hili, hasa kwenye programu za simu zinazotuma matusi kwa kila namba iliyo kwenye simu yako.

Tuseme 1,350,000 imepatikana. Ukitoa deni zinabaki 1,110,000. Ukiweka 300,000 kwenye biashara, zinabaki 810,000, ambazo kwa pengo la 144,000 zinakupa miezi mitano na nusu ya kutafuta njia bila watoto kulala njaa. Ukiweka 900,000 kwa mara moja kama wengi wanavyofanya, unabaki na mwezi mmoja na nusu, na biashara changa hula mtaji wake katika kipindi hicho hicho. Kwa hiyo laki tatu, si zaidi, mpaka izunguke mara kadhaa.

Izunguke kwenye nini? Hapa tunaomba utusikilize kwa makini, maana ushauri unaopewa mtaani ni ule ule wanaopewa wenzako wote mlioachishwa pamoja. Kiwanda kikifunga zamu, wauzaji huongezeka wiki ile ile ambayo wanunuzi wanapungua. Chipsi, genge la pili, pikipiki, vyote vinategemea mshahara uliokatika. Kabla ya kuweka senti, uliza: mteja wangu fedha yake inatoka wapi? Tafuta ambaye fedha yake haitoki kiwandani: wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, wanaouguza wagonjwa hospitali ya Bugando wanaotoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, abiria wa stendi ya Nyegezi na kivuko cha Kamanga, wafanyabiashara wa Kongo na Burundi wanaofuata samaki wakavu soko la Mwaloni, Kirumba.

Pikipiki ya mkataba tunakushauri uiache kwa masharti hayo. Elfu kumi kwa siku 420 ni 4,200,000, yaani 1,300,000 juu ya bei ya dukani, na kabla ya unga wa nyumbani unatakiwa utoe ya bosi na mafuta. Vijiwe vimejaa. Hatari kubwa ni ambayo mikataba mingi haiiandiki: ukikosa hesabu mwezi wa 12, pikipiki inachukuliwa na ulicholipa kinapotea. Kama huna njia nyingine, yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa haya manne: siku za gereji hazihesabiwi, bima na matengenezo makubwa ni ya nani, ajali ni ya nani, na ukishindwa unarudishiwa nini. Na uwe na leseni ya udereva wa pikipiki kwanza.

Dagaa ni biashara nzuri kwa anayejua kalenda yake. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika siku kadhaa na mtaji wako unalala. Kilo moja kavu hutoka kwenye kilo tatu na nusu mbichi hivi, hivyo anayenunua wabichi akashikwa na mvua anapoteza kwa njia moja kati ya mbili: wanaoza, au wanakauka kwa kuchelewa na kuuzwa kama chakula cha kuku. Usinunue wabichi mwaka wa kwanza. Nunua wakavu wa chanja, si wa mchangani. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana mchanga na vumbi hukaa huko na unaulipia kama dagaa. Dagaa aliyekauka ukimkunja anakatika. Akijikunja bila kukatika ana maji, atapata ukungu ndani ya wiki. Mwaloni kwa magunia huwezi kushindana na wenye malori. Wachambue, wafungashe nusu kilo, wapeleke hosteli za Malimbe na maofisini.

Lakini wewe una kitu ambacho wauza dagaa hawana, nacho ni kisu. Miaka minane mezani si kidogo. Hoteli na migahawa wanataka minofu ya sato iliyokatwa vizuri, na wapishi wao wengi wanapoteza nyama nyingi kwenye mfupa. Sato hutoa theluthi tu ya uzito wake kuwa mnofu. Tuseme kilo 10 umenunua kwa 9,000 kila moja: 90,000 zimezaa kilo 3.3. Vichwa na mapanki, yaani mifupa inayobaki ukishakata minofu, ukiviuza 8,000, bado kila kilo ya mnofu imekugharimu kama 25,000 kabla ya barafu na nauli. Ukiuza 22,000 kwa kuwa mpishi amekubembeleza, unakula mtaji huku unaona fedha inapita mkononi. Njia iliyo salama zaidi kuanza nayo ni kukata samaki wa mteja kwa malipo ya kilo: samaki wake, kisu chako, hasara ya kuoza si yako. Unahitaji visu viwili, jiwe la kunolea, ubao wa plastiki usionyonya damu, aproni, ndoo mbili zenye mifuniko na boksi la barafu. Barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki. Ukianza kununua samaki wako mwenyewe, mwone ofisa uvuvi kuhusu leseni, na usiguse sangara chini ya sentimita 50 hata akiuzwa bei ya kutupa. Hoteli hupenda kulipa mwisho wa mwezi. Mzigo mmoja usiolipwa unatosha, wa pili usipeleke.

Kama mpo watano mnaoaminiana kutoka zamu hiyo, ulizeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ambayo halmashauri hutoa bila riba, kutoka asilimia 10 ya mapato yake, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kama kwa umri wenu mnaruhusiwa. Itachukua muda, msiingoje kwa kukaa. Jiandikishe pia TaESA, huduma ya serikali ya kuunganisha watu na ajira, hakuna malipo. Yeyote anayekuomba fedha ya fomu au ya vipimo ili akupe kazi ni tapeli. Na ile hati ya utumishi uitumie VETA au FETA Nyegezi, chuo cha uvuvi, kuulizia urasimishaji wa ujuzi, uwe na cheti cha kile unachokijua tayari.

Mwanza imewahi kufungiwa soko la samaki na Umoja wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2020 safari za ndege zikakatika kwa Uviko. Mara hizo soko lilifunguka viwanda vikaendelea. Safari hii wamekuambia pia samaki hawatoshi, na hilo haliishi kwa barua ya Umoja wa Ulaya kutoka Brussels, hivyo usipange maisha kwa kungoja kuitwa.

Kuhusu Ukerewe, watoto wasikatishwe muhula. Kama mna shamba Nansio, nenda peke yako mvua za vuli zikianza, upande mihogo na viazi, urudi. Mwajiri anadaiwa nauli ya kukurudisha kwenu ikiwa aliwachukua huko na kuwaleta. Kama ulikuja mjini mwenyewe ukaajiriwa Mwanza, usiiweke kwenye madai, itakupunguzia uzito wa yale ya haki. Hesabu ya 1,350,000 iandike kwa mkono nakala tatu: moja ya Jumatatu, moja ya Tume, moja mpe mkeo.